Saa Inayoanzia Getini

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, yale ambayo hayatoshi kufungua mwavuli lakini yanakulowesha mabega. Kariakoo imeamka na tope. Kutoka dirishani kwangu ghorofani niliwaona wauza nguo wakifunika meza zao kwa nailoni, na bila kufikiri nikaanza kumtafuta mama katikati yao.

Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, mtu unaamka umesahau. Mchana mtu unakumbuka.

Mama yangu, Bi Mwanaidi, alifariki mwezi uliopita nyumbani kwake Ilala. Aliuza kanga Mtaa wa Swahili tangu sijazaliwa mpaka figo zilipomwangusha. Sijaandika chochote humu tangu siku ile. Mlioniuliza nimepotelea wapi, sikupotea. Sikuwa na la kusema tu.

Leo ninalo, ila linaanzia kazini, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Ofisi yangu iko Posta. Ni mchambuzi wa takwimu kwenye kampuni inayohudumia mizigo bandarini, na ninachopima ni muda. Meli imekaa nangani muda gani kabla ya kupata gati, winchi imeshusha kontena ngapi kwa saa, lori limechukua muda gani kuingia, kupakia na kutoka. Tunaviita viashiria vya utendaji. Kila robo mwaka vinapandishwa kwenye skrini kubwa ya ukumbi wa mikutano, kila kimoja na kisanduku chake: kijani kwa kilicho vizuri, njano kwa cha kuangaliwa, nyekundu kwa kibaya. Wakubwa wanakaa mbele ya skrini ile na kuamua kama tununue winchi nyingine, kama tupanue uwanja wa kontena, fedha za mwaka ziende wapi. Kisanduku kikiwa chekundu kinajadiliwa mpaka chakula cha mchana kinapoa. Kikiwa kijani, wanakiruka.

Mama alikuwa akiniuliza nafanya nini hasa huko.

"Napima muda, mama."

"Yaani wanakulipa kwa kuangalia saa?"

Anacheka, halafu anawasimulia wateja, nao wanacheka.

Kisanduku cha malori kilikaa kijani kwa muda mrefu. Kilikuwa kijani hata siku aliyokufa.

Kaka yangu Shabani ni dereva wa lori, anabeba mizigo ya kwenda nchi jirani. Siku ile alikuwa kwenye foleni nje ya geti la bandari, tangu siku iliyotangulia. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimekaa kitandani kwa mama nikimpepea. Kila akifumbua macho aliuliza kitu kimoja tu, Shabani yuko wapi. Nikamwambia yuko bandarini, anakuja. Kutoka pale kitandani mpaka kwenye lile geti, kwa bodaboda, hata chai haipoi.

Nilimpigia. Nikamwambia hali imebadilika, na kwamba namfahamu mtu wa getini, naweza kumwomba amvushe.

"Usifanye hivyo, Zuhura," alinijibu. "Watu wako hapa mbele yangu wamechoka kuliko mimi. Nitapitaje machoni kwao?"

"Basi liache gari uje."

"Nikiliacha linavutwa, na tajiri mwenye gari atanifukuza. Safari hii sina hata utingo wa kunishikia. Mwambie mama nikishapakia tu nakuja."

Nilimwambia mama. Akatikisa kichwa kukubali. Alasiri hakufumbua macho tena, na nikapiga simu ya pili.

Shabani alifika akiwa juu ya bodaboda, uso umejaa vumbi. Alipiga magoti mlangoni, hakuweza kufika kitandani. Tulimzika mama kesho yake. Mpaka jana hatukuwahi kuizungumzia siku ile, mimi na yeye. Tukikutana tuliongelea khitma, kodi ya vyumba, paa linalovuja. Mambo yenye majibu.

Niliporudi kazini nilikaa mbele ya kile kisanduku cha kijani nikakitazama asubuhi nzima. Hakikuwa kinasema uongo. Saa yetu inaanza pale lori linapovuka geti na inasimama linapotoka. Kwa saa hiyo, tuko vizuri kweli, tumejitahidi. Lakini kaka yangu alikuwa nje ya geti. Kwa saa yetu, muda wote ule aliokaa pale akiomba mama asife, alikuwa hajafika bandarini.

Nikaenda kwa Jitesh, mkuu wa kitengo chetu. Jitesh amezaliwa Kisutu, ni mtu wa maneno machache, na siku ya msiba alikuja Ilala akakaa kwenye mkeka na wanaume mpaka jamaa zangu wakadhani ni jirani. Nikamwambia nataka saa ianzie pale lori linapojiunga na foleni. Nje ya geti kuna kamera siku zote, za ulinzi. Zinasoma namba za magari, ila hakuna aliyewahi kuziuliza gari limefika lini.

Alifikiri kidogo. "Unajua kisanduku kitabadilika rangi?"

"Najua."

"Na unajua kitabadilika wakati wanataka kupitisha winchi mpya?"

"Najua pia, bosi."

"Fanya," akasema. "Tutaona."

Nilifanya kazi ile kama mtu anayefua. Namba moja baada ya nyingine, sifikirii kitu. Na katikati yake nikakuta lori moja ambalo muda wake ulikuwa hauingii akilini, mrefu kuliko malori yote. Lilifika kwenye foleni, likakaribia geti, halafu likawa kama limefika upya mwishoni. Jitesh alilitazama akasema litakuwa kosa la kamera, nilitoe lisituharibie wastani. Nami ningelitoa. Lakini kabla ya kufuta kitu huwa nahakikisha, kwa hiyo nikafungua picha za kamera za siku ile.

Sikuwa nimeangalia ni siku gani.

Lori lenyewe ni jeupe. Mbele yake kuna lori la bluu lenye turubai lililoshonwa kiraka cha njano, na kiraka kile nakijua, kilishonwa na mama. Mlango wa lori la bluu unafunguliwa, anashuka Shabani, simu iko sikioni. Kamera zile hazina sauti. Anasikiliza. Anaitoa simu sikioni, anaitazama, anairudisha tena. Halafu anaegemea tairi taratibu, kama mtu anayepumzika, anateremka mpaka chini, na mikono inafunika kichwa.

Ilikuwa simu yangu ile. Upande wa pili wa simu yangu.

Nilitaka kufunga. Sikuweza. Dereva wa lori jeupe anashuka, mtu mzima kidogo, kavaa kibaraghashia na ndala. Anachuchumaa mbele ya Shabani. Sijui anamuuliza nini. Anasimama, anaita, wanakuja wengine, wanamzunguka. Mmoja anakimbia barabarani anarudi na bodaboda. Wanamnyanyua kaka yangu wanampandisha. Mwenye kibaraghashia anachukua funguo za lori la bluu mkononi mwa Shabani, anaenda kulipeleka lake jeupe pembeni ya barabara, anarudi, anapanda kwenye la Shabani na kukaa. Foleni ikisogea, analisogeza. Malori yaliyokuwa nyuma yake yanalipita lile jeupe moja moja, na yeye haangalii hata nyuma. Jioni anakuja dereva mwingine, nadhani aliyetumwa na tajiri wa Shabani, anakabidhiwa funguo. Ndipo yule mtu anashuka, analiendea lori lake, analigeuza, analipeleka mwisho kabisa wa foleni.

Hilo ndilo lilikuwa kosa la kamera.

Nilikwenda chooni nikalia nikiwa nimefungulia bomba. Kuna wazo moja lilikuwa limenikaa kifuani kama mfupa, na bado limekaa. Wale watu walimaliza tatizo lile kwa muda mfupi tu. Shabani angewaambia asubuhi kwamba mama yake ni mgonjwa, angekuwepo. Hakumwambia mtu.

Nilimwonyesha Jitesh. Alitazama mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Usilitoe," akasema.

Mkutano ulikuwa leo. Kile kisanduku kikapanda kwenye skrini, chekundu, cha kwanza kuwa chekundu baada ya muda mrefu. Mkuu wa fedha akasema kuanzisha saa nje ya geti ni kujihukumu kwa kosa la barabara. Akasema wateja wa nje wataona tumeporomoka wakati hakuna kilichobadilika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema kweli, hakuna kilichobadilika. Nikamjibu kwamba mizigo inayochelewa nje ya geti inachelewa vilevile, na mwenye mzigo anahesabu kuanzia meli ilipotia nanga mpaka kontena lilipomfikia, hajui geti liko wapi. Nikasema winchi mpya itashusha kontena haraka zaidi na kuzilundika mbele ya geti lile lile. 

Mkurugenzi, mama mmoja anayesoma kila karatasi anayopewa, akaweka kidole kwenye nukta iliyokaa peke yake juu ya chati.

"Na hii ni nini? Mashine imekosea?"

"Hapana, mama. Ni gari lililorudi mwisho wa foleni. Dereva wake alimshikia nafasi mwenzake aliyefiwa."

Hakuuliza jina la aliyefiwa. Jitesh aliinamisha kichwa. Mkurugenzi akaitazama ile nukta kwa muda, kisha akasema kipimo kipya kibaki, kianze kuripotiwa, na kabla ya kujadili winchi tena anataka mpango wa uwanja wa kuegesha malori, ambako dereva atapewa saa yake ya kupakia na kuweza kuliacha gari aondoke kwanza. Mkuu wa fedha akaomba iandikwe kwamba hakuafiki. Ikaandikwa. Tukaenda kula.

Nilidhani nitafurahi. Nilikaa na sahani ya pilau mbele yangu nikimfikiria mama akiuliza Shabani yuko wapi. Uwanja ule ukijengwa, utawafaa mama wa watu wengine. Ni jambo jema. Nikaisukuma sahani pembeni.

Baada ya kazi nilipanda basi la mwendokasi mpaka Gerezani, nikatembea kwenda Ilala. Shabani alikuwa uani anapaka lami kwenye bati, manyunyu yalikuwa yamekatika. Nikamwambia, bila kuzunguka, nimekuona kwenye kamera. Siku ile.

Aliendelea kupaka. Baadaye akauliza, "Umeona yote?"

"Yote."

Akaweka brashi chini.

"Kwa nini hukuwaambia, kaka? Tangu asubuhi?"

Nilijuta neno lilipotoka tu. Lakini hakukasirika. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama mikono yake iliyojaa lami.

"Pale foleni kila mtu ana lake, Zuhura. Mmoja mtoto kalazwa, mwingine mke amemkimbia. Ukianza kusema la kwako unaonekana unataka kupita. Nikasema nitavumilia, mama atanisubiri. Siku zote alikuwa ananisubiri." Akajifuta lami kwenye suruali. "Nilijua nakosea. Nilijua kabisa, na bado nikakaa."

 Nilikaa chini, kwenye kizingiti cha mlango. Tulilia pale, kila mtu anaangalia kwake. Ilikuwa mara ya kwanza tunalia pamoja tangu tumzike.

Kisha akaniuliza kama nilimwona yule mzee wa kibaraghashia. Nikasema nimemwona. Nikamwambia alirudi mwisho wa foleni, kwamba hakuna gari lililokaa pale muda mrefu kuliko lake. Shabani hakulijua hilo. Alishika kichwa kama siku ile kwenye tairi.

"Hata jina simjui," akasema. "Namtafuta kila nikienda bandarini, simwoni. Nataka nimpe mkono tu. Nimwambie nilimzika mama."

Namba ya gari lake ninayo. Nimeitazama siku nyingi mpaka naiota. Lakini picha zile si zangu, na kanuni zinasema hazitumiki kumtafuta mtu kwa jambo la binafsi. Mimi mwenyewe nimewahi kuwafundisha wenzangu kanuni hiyo.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Asubuhi nitamwomba Jitesh ruhusa, kwa maandishi. Akikubali, nitampigia mwenye lori lile. Akikataa sitamlaumu. Nitamchukua Shabani siku asiyokuwa safarini, twende tukasimame nje ya geti, tutazame kila lori jeupe linalokuja, mpaka lake lifike.