Fahali wa Mabaka

Dada Sylvia,

Ejok? Huku Kakuma ni vumbi tu. Mbuzi wa Mama amezaa mapacha.

Baba alimuuza fahali wake wa mabaka, ambaye jina lake ndilo wazee humwitia Baba mpaka leo, ili usome Nairobi na watoto wa matajiri. Mimi nikapelekwa chuo cha ufundi Lodwar, kwa basari. Sasa nafunga sola na mshahara unaingia kila mwezi. Wewe na digrii yako bado unatafuta kazi. Nikisema nakuhurumia nitakuwa nadanganya.

Jumamosi nilimpelekea Baba fahali mwingine, wa mabaka yale yale. Alimpapasa pembe, akatabasamu.

"Huyu atatosha," akasema, "Sylvia akitaka kusoma tena."

Mdogo wako,
Epuyo