Kamba ya Mita Hamsini

Jumapili, 3 Agosti
Mkoba umefungwa mara tatu, umefunguliwa mara tatu. Mama amesimamisha kazi za wateja ili amalize kamba yangu. Mita hamsini, na kwenye kila mita ameshona uzi mwekundu. Amepima mara mbili kwa tepu yake ya kushonea. Anasema hajawahi kukosea gauni, atakosea kamba?

Babu alikaa mlangoni akiipitisha mikononi, uzi baada ya uzi. Siku hizi anaona mwanga na vivuli tu. Miaka arobaini na moja iliyopita, alipokuwa mpagazi, alichora mstari mwekundu juu ya jiwe mahali barafu ya mlima ilipoishia. Alikuwa ameegemea barafu yenyewe, mpaka koti likalowa. Nilimwahidi picha. Akacheka.

"Picha nitaifanyia nini, mjukuu wangu? Niletee urefu. Tutaulaza hapa nje niutembee."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu: kupima kutoka kwenye mstari hadi barafu inapoishia sasa.

Jumatatu, 4 Agosti
Tumeanza! Wanachama kumi na wawili wa klabu ya jiografia, mwalimu wetu, wapagazi, kiongozi na msaidizi wake. Kiongozi amesema tumwite Konokono, na kwamba atakayempita atarudishwa nyuma abebe sufuria.

Ana utaratibu wake. Asubuhi na jioni hamwulizi mtu habari zake mwenyewe. Kila mmoja anamsemea mwenzake wa hema, kwa sababu, anasema, mlimani mtu hujidanganya yeye kwanza. Na wa hema moja wanapanda pamoja, wanashuka pamoja.

Mwenzangu ni Redio. Tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, na jina hilo hakupewa bure. Ameongea kutoka getini hadi kambini. Zamu yake ilipofika, alimwambia Konokono kwamba mimi ni mzima, ila nakula kama mgeni.

Jumanne, 5 Agosti
Miti imekwisha. Wino umeganda, natumia penseli. Tumejaribu viatu vya meno, vile vya kutembelea kwenye barafu. Redio alitembea kama kuku aliyefungwa mguu. Tumecheka hadi mwalimu akasahau kutukataza.

Jumatano, 6 Agosti
Redio amenyamaza tangu saa sita mchana. Wenzetu wanatania kwamba betri zimekwisha. Mimi nilimwona akitapika nyuma ya jiwe. Alinishika mkono, akaniomba nisiseme.

Jioni Konokono akapita na kile kidude cha kubana kidole, kinachoonyesha hewa iliyomo kwenye damu. Akaniuliza, mwenzako? Redio akanifinya goti. Nilifikiria kamba. Akishuka yeye, nimeshuka mimi.

Nikasema amekula vizuri.

Kidude kikasoma chini kidogo. Konokono akasema huenda ni baridi ya vidole, atapima tena asubuhi. Aliniangalia zaidi kuliko alivyokiangalia kidude.

Sijawahi kumdanganya mtu mzima kwa sentensi fupi namna ile.

Alhamisi, 7 Agosti
Asubuhi Redio alishindwa kufunga kamba za viatu. Alijaribu kiatu cha kushoto mara tatu, kila mara anasahau alipofika. Nikamfungia kimoja. Nilipokuwa kwenye cha pili mikono yangu ikaacha yenyewe. Nikaenda kumwita Konokono, nikamwambia yote, hata uongo wa jana.

Hakugomba. Alichuchumaa akamalizia kile kiatu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini:

"Jana ulimsemea nani, binti? Yeye au kamba?"

Nikainama kufunga viatu vyangu.

Tukashushwa na msaidizi hadi kambi ya chini. Kabla hatujaondoka, mwalimu alijitolea kunipimia huko juu, nikaanza kufungua mkoba. Konokono akakataa: kamba ikae na mwenyewe. Wenzetu watafanya mazoezi kwenye kambi ya juu siku mbili. Redio akipona kweli, tutawakuta.

Njia nzima Redio hakusema neno nami. Mara moja tu, kwamba nimemtia aibu.

Ijumaa, 8 Agosti
Amelala, ameamka, amemaliza bakuli mbili za supu na kuomba yangu. Saa nne akaanza kuongea. Sasa ni saa tisa, bado anaendelea. Katikati akasema, "Nimeacha kukuchukia tangu ile supu. Ila usizoee." Msaidizi naye ana kidude chake, na namba imepanda. Anasema kesho tutajaribu kupanda tena.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumefika kambi ya juu! Wametupigia makofi na masufuria. Redio anahutubia. Mimi kichwa kinagonga kidogo, labda ni jua.

Jumapili, 10 Agosti
Si jua. Leo asubuhi Konokono alimwuliza Redio habari zangu. Nilikuwa nimemwambia mapema aseme ukweli, na moyoni nikaomba asiusikie ushauri wangu. Akasema kichwa kinaniuma tangu jana, ila sijatapika, nimekunywa chai vikombe viwili na nimejifunga viatu mwenyewe. Konokono akanibana kidole, akafikiri, akaniweka mbele ya wenzangu wote, nyuma yake tu, mahali pa wa polepole. Twende hadi karibu na jiwe la babu, akasema. Pale atamwuliza Redio tena, na jibu la Redio ndilo atakalolifuata.

Sasa tumepumzika. Jiwe liko hatua kama mia mbele yangu. Ninauona mstari! Umefifia ukawa rangi ya tofali, lakini umenyooka kama alivyosema. Juu yake hakuna barafu, ni changarawe tupu. Barafu nyeupe inaanzia mbali sana kule. Babu atatembea kupita nyumba yetu, kupita ya jirani, sijui hadi wapi. Redio anakadiria kamba italala mara saba, yeye ataihesabu. Amejifunga ncha yake kiunoni, ya kwangu ninayo mkononi.

Maumivu hayajazidi. Nadhani. Ndiyo maana siulizwi mimi.

Konokono amerudi, amechuchumaa mbele ya Redio. "Mwenzako?"

Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema, ananitazama kwanza. Ananitazama vizuri, viatu, midomo, mkono unaoandika. Nimeinamisha kichwa kwenye daftari, nisije nikamwomba kwa macho. Amevuta pumzi. Naweka penseli chini; lolote atakalosema, nitalifuata.