Jina na Mtaa, kwa Sauti

Harlan Falls, Jumatano, 6 Novemba

Shangazi Noreen mpendwa,

Nakuomba kabla hujaendelea: neno hata moja la barua pepe hii lisimfikie baba wala mtu mwingine. Ukishasoma, ifute. Goti lako linaendeleaje? Sisi wazima, ila jana limetokea jambo.

Jana tulikuwa makarani wa uchaguzi, sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho, katika ukumbi wa zimamoto. Kazi yangu ilikuwa kutangaza jina na mtaa wa kila mpiga kura, mawakala wa vyama walioketi nyuma yangu wasikie na kuhakiki. Ndiyo sheria ya hapa. Desmond, mwenzangu wa mezani, alinicheka: "Wee Corinne, unanadi ng'ombe?"

Mchana akaja Bi Andrea Pruitt, anayetupakulia chakula shuleni. Akainama. "Mwanangu, taja kwa sauti ya chini." Nilidhani anaona haya tu. Msimamizi alikuwa ananitazama, na tulikatazwa kunong'ona. Nikatangaza: "Andrea Pruitt, kumi na nne, Mtaa wa Alder!"

Wakala mmoja, Bwana Royce Kimmel, mgeni kutoka mji mwingine, akasema kwa upole, "Rudia, binti. Mtaa sikuusikia."

Nikarudia, Shangazi. Kwa sauti zaidi.

Bi Andrea alipomwona, midomo ilimpauka. Akaiacha karatasi ya kura mezani, akakimbia. Kimmel akacheka: "Mke wangu huyo! Miaka miwili ananichezesha mchezo wa kujificha." Watu wakacheka naye.

Huyo Kimmel analala kwetu. Baba ndiye mwenyekiti wa chama chao hapa, na kura zinahesabiwa upya, kwa hiyo haondoki. Nifanye nini?

Mwanao,
Corinne

Jumatano hiyo hiyo

Corinne mwanangu,

Goti liache, lina uzee wake. Nimesoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Kulia utalia baadaye. Kesho mapema nenda jikoni shuleni, umwambie Bi Andrea asikanyage Alder. Mimi nina chumba juu ya karakana na gari lina mafuta. Huyo mgeni wenu mchekee kama kawaida, asikushuku.

Shangazi yako,
Noreen

Jumamosi, 9 Novemba

Shangazi,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima wa kutazamwa tu.

Alhamisi Bi Andrea hakuja kazini. Jana pia hakuja. Jana hiyo, tukila, Kimmel akiwa anamwagia viazi mchuzi, akaniuliza, "Binti, Mtaa wa Alder uko upande gani?"

Baba akasema, "Mwelekeze mgeni, Corinne, umekuwa bubu?"

Nikamwelekeza kiwandani, mbali kabisa.

Akafuta mdomo taratibu. "Ajabu. Mimi asubuhi niliukuta nyuma ya kanisa. Nyumba tupu. Nilitaka tu kujua kama wewe na yeye mnajuana."

Baba alicheka, akidhani ni utani. Mimi nikaanza kukusanya sahani.

Leo nimempata. Mpishi mkuu amemficha stoo ya jikoni shuleni, yeye na mwanawe Toby, wanalalia magunia ya unga. Alinishika mikono. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama kura yake ilihesabiwa. Nikamwambia haikuingia sandukuni. Akatikisa kichwa, akaendelea kumfunga mtoto kamba za viatu.

Kwenye simu hii usijibu tena. Kimmel ameniomba simu mara mbili, eti apige mara moja tu. Ukitaka kunipata, piga maktaba ya mji kabla hawajafunga leo, umwombe Bi Lorna, mkutubi, useme ni habari za kitabu changu kilichochelewa. Nitakuwa nimeketi karibu naye. Kesho, watu wakiwa kanisani, njoo uwachukue. Pitia lango la magari ya vyakula, nyuma ya shule, usipige honi. Gonga mlango wa chuma, nitafungua mwenyewe. Nisipofungua, usisubiri na usiniite. Nenda polisi wa huko kwenu, si wa hapa. Wa hapa walikula kwetu jana, meza moja naye.

Mwanao,
Corinne