Riwaya Yangu Ndani ya Gunia la Kahawa

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Tumepata meza! Mwalimu Atuganile, mchapishaji wangu, kanipigia nikiwa dukani nampimia mteja kitenge – nusura nikikate vibaya. Lile shirika tuliloliandikia, linalosaidia waandishi na wachapishaji wa nchi kama zetu limetukubali kwenye maonyesho ya vitabu Lusaka. Meza ya bure, na wanunuzi wa maktaba watapita. Sharti moja: Jumamosi asubuhi tuwe tumeshakaa, la sivyo anapewa mwingine.

Jumatano, 10 Septemba
Nimeshinda Mlowo kwa Mwalimu. Mwanamke huyu namhusudu, basi tu. Kastaafu, angeweza kukaa kuota jua – yeye kaanzisha uchapishaji kwenye chumba kilichopakana na stoo yake ya kahawa. Mhariri wa kuajiri hana. Mswada wangu aliwasomea kwa sauti akina mama wanaochambua kahawa uani. Wakinyamaza, anaendelea. Wakianza kuulizana habari za harusi, anapiga mstari. Kisha ananiambia, hapa pamelegea, Leah, kaandike upya. Nililia. Nilimchukia wiki nzima! Leo nasoma kurasa zile, naona alikuwa sahihi.

Wachapishaji wakubwa niliowaandikia hawakunijibu hata salamu.

Alhamisi, 11 Septemba
Vitabu vimefika kutoka kwa mpiga chapa Mbeya jioni hii. Riwaya yangu – nimeinusa kama mtoto mchanga. Maboksi yamepasuka njiani, kwa hiyo tumefungasha kwenye magunia ya kahawa. Mwalimu kasema gunia la kahawa halijawahi kumwangusha. Kesho tunavuka.

Ijumaa, 12 Septemba
Mpakani. Naandika nimekaa chini, mgongo ukutani. Balaa.

Mkaguzi wa mimea – Lucky, jina liko kifuani – kaona magunia, kauliza kibali cha kahawa kiko wapi. Mwalimu kamwambia ni vitabu. Lucky kafungua gunia. Vitabu kweli, ila maganda ya kahawa yamejaa kwenye mikunjo, na mdudu anatembea juu ya jalada langu! Hatukukung'uta. Sisi watu wa Mbozi tumezaliwa kwenye kahawa, nani anakumbuka kwamba ndani ya gunia la kahawa kuna kahawa?

Kasema magunia hayavuki, na kila kitabu kitakaguliwa. Ni Mzambia, lakini mama yake ni wa Chapwa, upande wetu wa mpaka, Kiswahili kinamtoka vizuri. Mzaha hana. Na hajakosea.

Basi linatungoja ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Ndilo la mwisho linaloweza kutufikisha Lusaka kesho asubuhi. Likituacha, meza imekwenda, na riwaya yangu inarudi stoo.

Mimi nilitaka kulia. Mwalimu hata kubishana hakubishana. Kafungua kitenge chake cha juu, kakitandaza sakafuni, kapiga magoti – na magoti yenyewe mabovu! – kaanza kukung'uta vitabu kimoja kimoja. Kamwambia Lucky, baba, kazi yako ni njema, tusaidiane. Nikapiga magoti na mimi. Nampenda mama huyu jamani.

Lucky alikuwa anakwenda upesi. Anafungua, anatikisa, anaweka pembeni. Tukakaribia kumaliza. Kisha kimoja kakifungua, hakukitikisa. Kageuza ukurasa. Kageuza mwingine. Sasa kaegemea meza, na madereva wa malori wamejipanga nyuma yake na makaratasi yao mkononi.

Kondakta kapiga simu. Abiria wanalalamika, anatupa dakika chache tu.

Nimemnong'oneza Mwalimu amharakishe. Kaendelea kufunga mafundo ya kitenge, vitabu vilivyokaguliwa vikiwa ndani.

"Mwache, mwanangu," kasema. "Mimi sijawahi kumkatiza mtu anayesoma."

Naona hasira, naona furaha, sijui ipi imezidi. Huyu ndiye msomaji wangu wa kwanza nisiyemjua. Hakuna aliyemwomba asome.

Simu inaita tena. Sijapokea. Lucky kacheka, peke yake, taratibu – naweka kalamu, nanyoosha shingo nione yuko ukurasa gani.