Majina Ambayo Mama Anaweza Kuyatamka

Jumatatu, 4 Machi
Majina kumi na manane, yote takataka. Mteja anataka jina la programu ya kupanga zamu za wafanyakazi — fupi, jipya kabisa, mtu alitamke bila kujing'ata ulimi. Bosi, tunayemwita Sekunde kwa sababu kila kazi kwake ni ya sekunde mbili, ameyapitia huku anatafuna. Kasema ni majina ya dawa za minyoo.

Zamani ningempigia Mama. Miaka kumi na moja nimemtumia kila jina kwa meseji, kisha napiga, analisoma. Alikuwa opereta wa simu maisha yake yote. Akikwama yeye, kila mtu atakwama. Kwenye fomu ya majaribio ya matamshi, ambayo kila msomaji ana kisanduku chake cha alama, yeye ndiye Msomaji wa Tatu.

Tangu apate kiharusi Januari, kisanduku chake nakijaza mwenyewe. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 6 Machi
Anaelewa kila kitu, hilo ndilo linaloniua. Kinachotoka ni "eee" tu. Jina langu, alilonichagulia mwenyewe, leo amelihangaikia mpaka jasho likamtoka, kisha akageukia ukutani. Nikajifanya natafuta chaja.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwandikia majina kwenye karatasi, herufi kubwa. Mdogo wangu alikuwa anabadilisha foronya. Kasema, dada, Mama si mashine ya kazi yako, mwache apumzike. Tumenuniana. Ana haki. Ila sijui njia nyingine ya kukaa na Mama.

Tavuko — kimya. Zirena — kimya. Melubo —

Akasema! Melubo. Safi, kwa ile sauti yake ya kazini. Mdogo wangu akadondosha mto. Tumelia wote watatu.

Jumanne, 12 Machi
Maji anayaonyesha kwa kidole. Mdogo wangu, Mama anamwita kwa kugonga kitanda. Melubo ni mimi. Nikiingia, Melubo. Nikichelewa, Melubo kwa ukali, kama nimezurura baada ya shule. Mdogo wangu naye kashika hilohilo, hata kwenye meseji. Nimecheka. Halafu nimejifungia bafuni, maana lile jina langu la kwanza sidhani kama nitalisikia tena kinywani mwake.

Alhamisi, 14 Machi
Mjinga mimi. Jumamosi ile, kwa furaha, nilijaza fomu ya Melubo na kuituma. Alama ya kwanza ya kweli kwenye kisanduku cha Mama tangu Januari! Mteja amelipenda. Mabango, fulana, matangazo ya redio. Siku Mama hayupo, nitaendelea kuitwa na mabango.

Nimemwomba Sekunde alifute. Akauliza, kwa nini? Ningesema ukweli, ningelazimika kusema na vile visanduku vingine. Nikasema linafanana na jina la godoro. Kacheka sana. Kesho saa kumi mteja anasaini; kabla ya hapo Sekunde anataka sahihi yangu kwenye fomu, amenirudishia.

Ijumaa, 15 Machi
Sikwenda kazini. Mdogo wangu anasema, sema ukweli, wakikufukuza wakufukuze. Rahisi kwake.

Nimekaa kitandani nikamweleza Mama mwenyewe, polepole: fomu, mteja, visanduku nilivyomjazia. Amenisikiliza hadi mwisho. Akaweka mkono wake usiopooza juu ya fomu, akaung'ang'aniza hapo. Sijui ananikataza au ananifariji. Nilikuwa nimeanza kulia.

Simu ikaita. Sekunde. Kabla sijajifuta uso Mama ameshaipokea, kwa mkono uleule, akaiweka sikioni kama alivyofanya miaka yote. Akanitazama.

"Melubo," akasema. Tena, "Melubo."

Nikaichukua. Sekunde anashangilia. Kumbe huyu ndiye msomaji wako? Anasoma vizuri hivyo, na wewe unasitasita nini?

Hakuwa anasoma. Alikuwa ananiita, nije nipokee simu yangu.

Saa tisa na nusu. Simu nimeilaza kifudifudi juu ya shuka, haijakatwa. Sekunde anasema haloo, haloo. Mama ananiita.