Jogoo Tuliyempelekea Kocha

Buffalo, Jumatatu asubuhi

Kwako yaya Mapendo, dada yangu mkubwa, uliye huko mjini Baraka, kwetu Fizi,

Nakuamkia yaya, ingawa najua ukifika hapa umeshauliza, "Huyu anataka nini?" Sitaki kitu. Habari ya miguu? Habari ya presha, bado inapanda kila ukimwona mkwe wako akipika? Mimi ni mzima, kasoro magoti. Tangu baridi ianze yanalia kama mlango wa kanisa letu la zamani. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe ndiye msemaji, mimi kazi yangu ni "ndiyo yaya, ndiyo yaya" mpaka batiri inakufa. Barua hii ataileta mama mmoja wa kanisani anayepitia Bujumbura. Karatasi huwezi kuikatiza.

Tangu alfajiri sijatulia. Nimefagia baraza lililokwisha kufagiliwa, nimekwenda mpaka barabara ya Bailey na kurudi, sikununua kitu. Binti yangu Furaha, kabla ya kwenda kazini kwenye ghala la mizigo kule Cheektowaga, aliniambia, "Baba, keti, unanizungusha kichwa." Bon, nimeketi. Mguu mmoja bado unatikisika chini ya meza.

Habari ni ya Byamungu, mtoto wa Furaha. Alipozaliwa kambini Nyarugusu ulisema ana kichwa kama sufuria ya harusi. Sasa mwili umekifikia kichwa. Yuko chuoni hapa Buffalo na anacheza ule mpira wa Wamarekani, wa kushika kwa mikono.

Ngoja nikueleze, na usiniambie huelewi, wewe uliyekuwa ukisoma Biblia ya Kifaransa bila kujua Kifaransa. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai dogo. Timu inapewa nafasi nne kusogea yadi kumi mbele. Mara nyingi ikishindwa, mpira wanachukua wenzao. Kusogea kuna njia mbili. Ya kwanza, mrushaji anamkabidhi mkimbiaji mpira, naye anaukumbatia na kuingia katikati ya wanaume wenye uzito wa ng'ombe. Anapata yadi tatu, pengine mbili, pengine nne, kisha wanamlalia. Ya pili, mrushaji anautupa juu ya vichwa, mwenzake anaudaka huko mbele. Kurusha kunakufikisha mbali kwa mara moja, ila mpira unaweza kuanguka bure, au adui akaudaka yeye. Sasa ukikimbia tu, adui wanajazana mbele yako kama watu kwenye kilio chenye nyama. Ukirusha tu, wanarudi nyuma kukungojea huku wanacheka. Donc, akili yote ni kuchanganya, adui asijue leo unaingilia mlangoni au dirishani. Mimi niliyeacha shule darasa la nne nimeelewa. Kocha wao ana vyeti ukuta mzima, na alikuwa hajaelewa.

Byamungu ndiye mkimbiaji, na kocha alimpenda kupita kiasi. Mara ishirini na zaidi katika mchezo mmoja, Byamungu tu. Watu walimshangilia, na mimi nilishangilia kuliko wote, nikiwaambia majirani zangu kwa Kiswahili, wasiojua hata neno moja, kwamba hiyo ni damu ya Fizi.

Jumapili moja baada ya ibada akaniambia, "Babu, nisaidie sukari pale juu." Mtoto mrefu kuliko kabati ananiomba sukari mimi, niliyekwisha kuanza kurudi udongoni! Nikamwambia, "Inua mkono wa kushoto." Ukafika kifuani, ukakwama.

"Babu, usimwambie mama."

"Na kocha?"

"Kocha ndiyo kabisa! Kuna mwingine nyuma yangu anangoja nafasi yangu. Ukisema, nimekwisha."

Nikanyamaza, yaya. Kila jioni nikawa namkanda lile bega kwa mawese ya moto, mlango tumeufunga, naye ananisimulia mambo ya chuo. Furaha alipouliza harufu ile nikasema ni dawa ya magoti yangu. Nilidanganya vizuri, hata magoti yenyewe yaliamini.

Lakini kila Jumamosi nilimwona akilaliwa na wale ng'ombe, na usingizi ukanikimbia. Nikajiuliza, kwa nini nisimwombe kocha achanganye? Arushe zaidi, mtoto apumzike, na siri ibaki siri. Nilijiona nina akili sana. Nikamchukua Pasta Luka na mzee Wilondja, yule uliyemkatalia ujanani, bado anauliza kwa nini. Sikuwaambia habari ya bega. Niliwaambia tu tunakwenda kumwomba kocha atumie njia zote mbili.

Na kwa mkubwa huendi mikono mitupu, wewe ulinifundisha. Tukanunua jogoo mwekundu kwa mkulima mmoja nje ya mji, tukamtia katika katoni ya ndizi tuliyoitoboa matundu. Kila gari liliposimama kwenye taa, aliwika. Mkalimani wetu alikuwa Riziki, dada yake Byamungu, aliyekaa mbele amejifunika uso kwa kofia.

Kocha alitupa dakika ishirini. Ni kijana wa kama miaka arobaini, anatafuna ubani. Pasta akaanza kama inavyopasa. Akamsalimu, akamwuliza habari ya nyumbani, ya mke, ya wazazi. Kocha akasema mama yake yuko mbali, anaishi na mbwa wawili. Pasta akasimama akamwombea yule mama, akawaombea na mbwa. Kisha Wilondja akaeleza tulivyotoka Fizi, tukavuka ziwa, tukaingia kambini, mwaka kwa mwaka.

"Babu, zimebaki dakika tano," Riziki akasema.

"Mtoto," Wilondja akamjibu, "mambo ya watu wazima hayakimbizwi."

Ilipofika zamu yangu nilikohoa, nikaisogeza ile katoni, nikaanza kwa mbali, "Kocha, mzigo ukibebwa na punda mmoja kila siku..." Kocha akasimama. Dakika zimekwisha. Alifungua katoni, jogoo akamtazama, naye akacheka mpaka ubani ukamtoka. Akatushika mikono wote watatu na kusema maneno mengi.

Riziki akatafsiri, "Anasema wazazi wengi wanakuja kumfokea kwa sababu mtoto wao hapewi mpira. Nyinyi mmekuja kwa heshima, mmeleta na zawadi. Anasema amewaelewa. Byamungu atapewa mpira zaidi."

"Haleluya!" akasema Pasta.

Mimi nikaitazama katoni ya jogoo. Ningesema hapana, kocha angeuliza kwa nini, na jibu la kwa nini ni bega. Riziki akaninong'oneza, "Babu, si ndicho mlichokitaka?" Nikamwambia tutoke nje, nina joto. Kulikuwa na baridi ya kuua.

Jumamosi iliyofuata walicheza Columbus. Furaha alituendesha, tukalala kwa mtoto wa marehemu Elia, anayesoma chuo kikubwa cha kule na kupanga chumba karibu nacho. Kocha alitimiza ahadi, yaya. Jogoo yule alifanya kazi yake! Byamungu, Byamungu, tena Byamungu. Watu wa Columbus si wajinga, wakaacha kabisa kulinda nyuma, wakajazana mbele yake wote. Huko nyuma palikuwa wazi kama uwanja wa ndege, hakuna anayerusha. Nikasimama nikipiga kelele, "Rusha! Rushaaa!" Mmarekani mmoja mbele yangu akageuka akanipa karanga. Furaha alikuwa akiimba na kupiga vigelegele, mama wa watu, hajui anashangilia nini.

Mara ya mwisho Byamungu alipoinuka kutoka chini, mkono wa kulia ulikuwa umeushika wa kushoto kama mtu aliyebeba kichanga. Akatazama juu tulipokaa. Hakumtafuta mama yake. Alinitafuta mimi, akatikisa kichwa polepole. Usiseme.

Timu ilifungwa. Tulirudi kwa gari saa tano nzima.

Jumatatu yake asubuhi, Furaha akiwa anafunga kamba za viatu vya kazi, nilisimama mbele yake. Sikumsalimu. Nikasema, "Bega la kushoto la Byamungu limeharibika. Nimejua wiki tatu."

Alibaki ameinama vile vile. "Ile dawa ya magoti, baba?"

"Ndiyo."

Hakunitukana, bora angenitukana. Alipiga simu chuoni na kazini hakwenda. Daktari alimtia Byamungu kwenye mashine, akasema kuna kitu kimechanika ndani, na kila jioni nilipokuwa nakanda nilikuwa nakanda kidonda. Pigo moja kubwa tena, mkono ungebaki wa kupungia watu tu. Watampasua mwezi ujao. Mwaka huu hachezi tena, na mwaka kesho hakuna anayejua.

Tangu siku hiyo Byamungu ananiongelesha Kiingereza.

Labda utaona ni jambo dogo. Watoto wa hapa wote wanawajibu wazazi wao kwa Kiingereza, hata yeye na mama yake. Lakini mimi sikijui, kwa hiyo kwangu alikuwa analeta Kiswahili, chenye makosa, chenye vicheko, na ndicho kilichokuwa kinaniweka mtu katika nchi hii. Sasa ananiambia "Good morning" kama anavyomwambia mwenye nyumba wetu.

Juzi Jumamosi walicheza Louisville. Sikutaka kwenda, lakini watu wa Fizi walioko kule walikuwa wamekwisha kupika. Byamungu alisafiri na timu, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Kocha kwa kuwa hana tena wa kumbebesha, akalazimika kutumia akili. Akamkimbiza yule mwingine yadi mbili, akarusha fupi, akakimbiza tena, adui walipokuja mbele wote, akarusha ndefu. Yaya, ilikuwa tamu! Adui wakawa hawajui wageukie wapi. Timu yetu ikashinda. Niliinuka kucheza, magoti na yote, kisha nikamwona Byamungu pembeni ya uwanja, karibu na wanaogawa maji. Wenzake walikuwa wanakumbatiana. Yeye alipiga paja lake kwa mkono mmoja, mara mbili tatu, akaacha. Alikuwa ameona wanaweza kushinda bila yeye. Nikaketi.

Baadaye, kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya sahani za fufu na sombe, nilimkatia nyama kwa kuwa hawezi kukata. Akasema "Thank you", akaisogeza sahani mbali nami.

Leo asubuhi hana masomo. Yuko chumbani kwake, juu ya kichwa changu hapa ninapoandika, nasikia miguu yake ikienda dirishani na kurudi, dirishani na kurudi. Naye hatulii. Nimewaza nimtume Pasta akaseme naye. Nimewaza nipitie kwa Riziki. Nimewaza hata wewe umpigie simu, umlainishe kidogo kabla. Na kila nikiwaza hivyo naona ile katoni ya ndizi.

Nitapanda mwenyewe. Kwa kumwambia mama yake sitamwomba msamaha, hata akiniongelesha Kichina. Nitamwomba msamaha kwa zile wiki tatu. Nitamwambia nilinyamaza kwa sababu nilipenda mtu aketi mbele yangu kila jioni anisimulie habari kwa lugha yangu, na kwa ajili ya utamu huo nikaliacha bega lake lichanike. Hilo sijamwambia mtu, hata Furaha. Akinijibu kwa Kiingereza nitakaa kitandani kwake mpaka achoke.

Nisalimie mume wako, shemeji yangu mvivu, mwambie huku kuna mashine ya kuoshea vyombo, angepata mwenzake wa kukaa naye jikoni bila kufanya kitu. Nisalimie mjane wa Elia, mwambie mwanae Columbus ni mnene na ana heshima. Nisalimie mwalimu wa kwaya, na yule mkwe wako mpishi, mpe pole kwa kuishi na wewe. Tuombee bega la mtoto.

Nimesikia amekaa. Naikunja hii, napanda.

Mimi mdogo wako,
Asukulu