Nimechagua Spika ya Kati

Rafiki yangu mpendwa,

Ninakuandikia kwa sababu moja mahususi: kukuarifu kwamba nimekwisha kuchagua spika ya kati, na kwamba sikuchagua ile uliyoitaka wewe. Nimeona ni haki ulisikie jambo hilo kutoka kwangu.

Jina lako silitaji. Kwa mila ya kabila lenu jina la aliyeondoka halitamkwi tena, nami, ingawa ni Mmbulu wa Karatu, nimejizuia nisiliandike hata juu ya barua hii ambayo haitapita posta yoyote.

Mengi yamebadilika tangu ile homa ikuchukue wakati wa masika, barabara ya kwenu Endulen ikiwa tope tupu. Nimehitimu. Nimepangiwa kazi ya uhandisi Dar es Salaam, na wazee wa hapa nyumbani wananiita "Bwana Injinia" hata wanaponikuta nimebeba samadi. Ungecheka. Masanduku yetu mawili ya spika, ya mbao za saipresi, yale tuliyoyapiga randa pamoja, bado yako ghalani kwa baba. Tundu la chini lina spika ya besi, tundu la juu lina twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. La katikati lilibaki wazi, na katika sanduku moja kuku alitaga humo.

Nilikwenda kumsalimu yeyo, mama yako. Alinipa maziwa, kisha akasema: "Ero, kijana wangu, uso wake ninao. Sauti ndiyo inanitoka."

Nikamwambia ninayo kanda, ile tuliyorekodi zizini kwenu siku ulipokuwa ukiwaimbia ng'ombe wakirudi malishoni. Aliniuliza jambo moja tu: "Humo ndani, anajitaja jina?" Nikamjibu kwamba hujitaji, unawataja ng'ombe.

"Basi niwekee."

Nilimwekea kwenye redio yangu ndogo ya kaseti. Wimbo haukufika hata nusu. "Zima," alisema. "Huyu si wangu. Huyu ni nzi ndani ya kibuyu." Akajifunika shuka usoni.

Nilirudi Karatu nikihisi kwamba tumekuzika mara ya pili.

Kasoro niliielewa. Sauti ya binadamu, kwa sehemu kubwa, si mali ya besi wala ya twita. Hukaa katikati, pale pale kwenye tundu letu la kuku. Wewe ulikwisha kuchagua cha kupajaza: ile spika mpya, yenye sumaku nzito, tuliyoiona dukani Arusha. "Hiyo," ulisema, "tukiiwasha mnadani, ng'ombe wa kule Baray watakuja wenyewe kujiuza." Nilipoomba kusoma kwanza maelezo yake, ukanigeuzia kibao mbele ya mwenye duka: "Mmbulu wewe! Unapima sauti kama unapima shamba la mahindi!"

Niliinunua, kama ulivyotaka, na katika uhaba huu wa kila kitu ni bahati kwamba niliikuta bado ipo. Kisha nikaitafutia mshindani: spika kuukuu ya karatasi, yenye umbo la yai, iliyotolewa kwenye redio mbovu ya shamba la kahawa la Oldeani.

Kanda yako sikuthubutu kuitumia katika majaribio. Ipo moja tu, na kila inapopita kwenye mashine husugulika na kupoteza kitu kisichorudi. Kwa hiyo nilimrekodi mama yangu akimwita baba aje kula, kisha nikamsimamisha kando ya sanduku ili nimlinganishe mtu na sauti yake. Spika yako ilipaza kwa nguvu ya ajabu. Mama akakunja uso. "Mimi naongea puani hivyo? Tangu lini?" Nikaiondoa, nikaweka ile ya Oldeani, nikarudisha kanda mwanzo. Kutoka shambani baba akaitikia: "Nimesikia! Nakuja, mbona makelele?" Akaja kweli, akanawa mikono, akakuta hakuna chakula.

Hapo uchaguzi ulikwisha. Nisamehe.

Ilibaki krosova, kile chombo cha koili na kapasita kinachoigawa sauti na kuipelekea kila spika sehemu yake. Kitabu changu cha chuo kilipendekeza mpaka wa chini, ule kati ya besi na spika ya kati, uwekwe pale pale inapopita sauti ya mwanamume. Nilikitii, nikajaribu kwa sauti ya baba. Kifua chake kikasikika chini, kwenye besi. Maneno yake yakasikika juu, mbali na kifua, kama mtu aliyegawanywa na kupangwa rafuni. Nilisimama pale nikashindwa kuendelea. Nilikumbuka ulivyokuwa umelala siku zile za mwisho, na sauti yako ilivyokuwa ikitoka vipande vipande, na kila kipande kikitoka kama hakimjui mwenzake... Sitaliandika zaidi hilo.

Nikafumua kila kitu. Nikasokota koili upya, kubwa zaidi, kwa waya wa shaba wa mota iliyoungua, nikaongeza kapasita, mpaka wa chini nikaushusha hadi chini ya sauti ya mtu, na ule wa juu nikaupandisha. Sasa sauti nzima hutoka kwenye karatasi moja. Lakini karatasi hiyo ni dhaifu, nami nimeitwisha mzigo usio wake. Ikipazwa, itapasuka. Ule mfumo wa kutikisa mnada hautakuwepo, rafiki yangu. Ndoto yetu ya watu wawili nimeipunguza ikawa sanduku moja la kusikilizwa na mama mmoja, akiwa karibu, kwa sauti ya chini. Spika yako nimeifunga kwenye gunia. Sina moyo wa kuiuza.

Wala sijui kama itafaa. Wimbo wako bado sijaupitisha humo. Nimeogopa kuutumia bure, na nimeogopa pia kuusikia peke yangu. Yeyo anaweza kusema tena "Zima". Akisema hivyo, elimu yangu yote haina tundu jingine la kujaza, na wiki ijayo nitapanda basi kwenda Dar es Salaam nikiwa Bwana Injinia aliyeshindwa kumrudishia mama sauti ya mwanawe.

Betri ya gari nimeazima. Dereva wa lori la mahindi amekubali kunipandisha na sanduku hadi kwenu. Ninakuahidi kwamba jina lako halitatoka kinywani mwangu, kwamba nitaupiga wimbo mara moja tu, na kwamba kanda nitamwachia yeye, akikutambua au akikukana.

Buriani, ndugu yangu. Katika uhai wako hukuwahi kufika mahali kwa wakati, nami sikuwahi kukulaumu. Safari hii nakusihi usichelewe: Jumamosi hii, saa kumi na mbili jioni, langoni mwa zizi lenu, ng'ombe wakiwa wanaingia.